Alama za Kando ya Njia: Somo la Kutembelea Mlango wa Mto Nyando

Mara nyingi somo letu ni la kusomwa chini ya mti. Hili ni la miguu. Tunawaalika mwende mpaka pale Mto Nyando unapoingia Ziwa Victoria, halafu mrudi kwa barabara kuu ya Ahero na Kisumu mkiangalia kitu ambacho sisi sote tunakipita kila siku bila kukisoma. Tunasema juu ya misalaba, makaburi na alama nyingine za marehemu zilizo kando ya njia. Kama kikundi chenu kiko karibu na Mto Sondu, Yala, Nzoia au Kuja, badilisheni majina tu. Somo ni lile lile.

Huenda mtu akauliza, "Mto na makaburi vina uhusiano gani?" Vina uhusiano mkubwa. Maji hupenda mahali pa chini. Barabara nayo haina budi kupita mahali hapo hapo kwa daraja au kalvati. Na watu je? Wanakusanyika hapo hapo kuteka maji, kuuza samaki na kungojea matatu. Basi hatari za maji na hatari za magari hukutana. Kila alama iliyowekwa hapo ni taarifa, na walioiandika waliilipia kwa machozi. Kazi ya kikundi ni kuisoma taarifa hiyo kabla mwingine hajaandikiwa ya kwake.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa safari, kila kikundi kiwe na mambo mawili: ramani yake ya mahali pa hatari, na kazi moja ambayo kinaweza kuimaliza kabla ya mvua zijazo. Moja tu, jameni. Vikundi vingi vinakufa kwa kushika mambo kumi.

KABLA YA KUONDOKA

Chukueni karatasi kubwa, hata ya gunia la saruji ikiwa safi, kalamu, kamba ndefu yenye mafundo kila mita moja, na fimbo. Chagueni watu wa rika mbalimbali, maana kijana anaona mbali na mzee anakumbuka mbali. Mwarifuni chifu au mzee wa kijiji, na mkifika ufuoni wasalimuni kwanza viongozi wa BMU. Msiende alfajiri wala jioni, kwa sababu hiyo ndiyo saa ya viboko kutoka majini na kurudi. Saa tatu asubuhi ni nzuri. Alasiri upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu na maji huchafuka, kwa hiyo mkitaka kupanda mashua, iwe asubuhi, na kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha. Asiyejua kuogelea na anayejua, wote wavae. Tena msioge kwenye maji yaliyotulia kati ya majani, maana hapo ndipo kichocho kinaishi.

SEHEMU YA KWANZA: KUSOMA MTO

Nyando inaanzia kwenye nyanda za juu za Nandi na upande wa Londiani. Inashuka kupitia Muhoroni, inafika Ahero, inakata nchi tambarare ya Kano, halafu inaingia Ghuba ya Winam upande wa Kadibo na Nyakach. Eneo lote linalomwaga maji ndani yake ni kama kilomita za mraba 3,600. Hebu fikirini maana yake. Anga ya Ahero inaweza kuwa safi kabisa, watoto wanacheza, huku maji ya mvua iliyonyesha Nandi jana jioni yako njiani yanakuja. Kwa hiyo mtu wa Kano hawezi kujua mafuriko kwa kutazama wingu lake mwenyewe. Ni lazima awe na rafiki kule juu wa kumpigia simu.

Mlimani mto una mbio, na wenye mbio hubeba mengi: mchanga, udongo, mabaki ya mashamba. Ukifika tambarare unapunguza mwendo. Ni kama mama aliyetoka soko la mbali na mzigo kichwani. Akifika mlangoni anautua. Nyando hutua mzigo wake Kano na pale mlangoni. Ndiyo sababu mkisimama ufuoni wakati wa mvua mnaona maji ya rangi ya chai ya maziwa yakiingia kwenye maji ya ziwa, na mpaka kati yake unaonekana kwa macho. Rangi hiyo ni shamba la mtu fulani wa huko juu. Mwaka huu ni udongo, mwaka ujao ni mavuno ambayo hayakupatikana.

Sasa angalieni kingo. Kila mafuriko yakipita, mto huacha udongo mzito kando yake kabisa, na ule laini unakwenda mbali. Mwaka baada ya mwaka ukingo unainuka kuliko nchi iliyo nyuma yake. Jambo hili linashangaza wengi. Yule aliyejenga karibu na mto anaweza kuwa juu kidogo, na jirani aliye nusu kilomita nyuma, kwenye bonde, ndiye anayeingiliwa na maji kwanza. Na maji yakishavuka ukingo hayarudi mtoni kwa urahisi, maana ukingo wenyewe unayazuia. Yanakaa. Yanaharibu choo, yanaingia kisimani, yanaleta kipindupindu na malaria. Pimeni wenyewe: vuteni kamba yenu iwe sawasawa kutoka juu ya ukingo kwenda nyuma, na muone fimbo inaachwa chini kiasi gani.

Palipo na tuta la kuzuia mafuriko, tembeeni juu yake. Tafuteni mashimo ya panya, njia za ng'ombe, na mahali watu wamechimba udongo wa kukandika nyumba. Tuta halivunjwi mahali palipo imara. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa neno hilo halina fumbo.

Mwisho, tazameni ziwa lenyewe. Ziwa likijaa, mto unakosa mahali pa kumwaga, na maji yanarudi nyuma mashambani. Wazee wanakumbuka mvua kubwa za mwanzo wa Uhuru, na jinsi ziwa lilivyopanda mpaka mwaka 1964. Wengi walidhani hayo hayatarudi. Mwaka 2020 ziwa likafika pale tena, na mwaka 2024 likapanda zaidi. Fuo zikazama, shule zikafungwa, familia zikahamia kambini. Makaburi nayo yakafunikwa na maji, na wafiwa wengine wakalazimika kuzika mbali na boma lao. Kwa Mjaluo hilo si jambo dogo.

Pale mlangoni mtaona mafunjo, haya tunayoita togo. Msiyaone kama kichaka cha bure. Mafunjo yanapunguza mbio za maji, yanashika udongo na kuficha samaki wachanga. Mvua zinapoanza, ningu hupanda mto kwenda kutaga, na fwani na mumi pia hufuata maji. Anayetandika wavu kukata mlango wote wa mto wakati huo anavua samaki wa miaka mitatu ijayo kwa siku moja. Kata mafunjo ya kusuka mkeka, acha mengine yasimame. Anayechoma yote ili apande mboga anauza mlango wa nyumba yake.

SEHEMU YA PILI: KUSOMA BARABARA

Rudini sasa kwa njia ya Kadibo mpaka barabara kuu, mtembee kati ya Ahero na Rabuor, au mfike Nyamasaria kama nguvu zipo. Tembeeni upande wa kulia, mkitazama magari yanayokuja, na mmoja nyuma ya mwenzake.

Mtaona alama za namna nyingi. Kuna makaburi ya bomani yaliyo karibu na barabara, mengine yamewekwa vigae na paa la mabati. Haya hayasemi kwamba mtu alifia hapo. Yanasema hapa ni kwao. Kuna msalaba mdogo wa mbao au wa chuma, peke yake, mbali na nyumba yoyote. Huo ndio husema "hapa." Kuna mahali ambapo hakuna kitu ila mti, lakini mkiuliza, kila mtu anajua. Na kuna vibao vya serikali vinavyoonya kwamba hapa ajali ni nyingi. Andikeni zote kwenye ramani, pamoja na kalvati, madaraja, vituo vya matatu, shule na makanisa. Kisha nyamazeni kidogo mtazame karatasi. Tutashangaa kama hamtaona alama zikijikusanya karibu na vitu hivyo.

Kwa nini? Chukueni kalvati moja. Barabara imeinuliwa juu ya tope, kwa hiyo ni kama tuta linalokata bonde. Kalvati ndiyo mlango wa maji. Ikijaa mchanga, matawi na mifuko ya plastiki, maji yanapanda mpaka yavuke lami. Ukingo wa barabara hauonekani tena. Mtoto wa shule anakanyaga pasipo na barabara. Maji yanayokwenda kwa mbio, hata yakiwa kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Ya sentimita 60 yanasomba magari mengi. Mwezi wa Desemba 2021, huko Mwingi katika kaunti ya Kitui, basi lililobeba wanakwaya na waumini waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu uliofurika. Zaidi ya watu 30 walikufa. Walikuwa watu kama sisi, wenye wimbo mdomoni na zawadi mkononi. Basi tukumbuke neno moja: maji yakipita juu ya barabara, hakuna barabara.

Hatari ya magari nayo iko hapo hapo. Penye daraja njia hubana na anayetembea kwa miguu hana pa kukimbilia. Penye soko boda boda wanageuka ghafla. Mwaka 2024 peke yake, zaidi ya watu 4,700 walikufa katika barabara za Kenya, na waliotembea kwa miguu walikuwa wengi kuliko kundi lingine lolote. Gari likimgonga mtu kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, mara nyingi anapona. Likimgonga kwa mwendo mara mbili ya huo, mara nyingi hatupati nafasi ya kumwuliza jina.

Hatujasahau tarehe 8 Agosti 2025. Basi lililobeba waombolezaji waliotoka kuzika Nyahera, wakirudi Nyakach, lilipinduka kwenye mzunguko wa Coptic, barabara ya Kakamega, hapa Kisumu. Zaidi ya watu 20 walikufa. Walitoka kaburini wakaenda kaburini. Sisi tunaopenda kusindikizana msibani, na ni desturi njema, tunajua kwamba basi lile lingeweza kuwa letu. Je, kikundi chenu kikikodi gari la matanga, nani anaangalia matairi na breki? Nani anahesabu abiria? Nani ana ruhusa ya kumwambia dereva apunguze mwendo, na wenzake wakamuunga mkono?

SEHEMU YA TATU: ALAMA INAYOFANYA KAZI

Katika Biblia, kitabu cha Yoshua sura ya 4, watu walipovuka Mto Yordani waliambiwa wachukue mawe 12 kutoka katikati ya mto na kuyasimamisha, ili siku moja watoto waulize maana yake na wazazi wawaeleze. Tazameni vizuri: alama haikuwekwa kwa ajili ya walioona. Iliwekwa kwa ajili ya mtoto atakayeuliza.

Mjini Kisumu, kwenye barabara ya Oginga Odinga, uko Mnara wa Saa. Wengi wanadhani ni pambo la serikali. Ni kumbukumbu. Mnamo 1938 ulizinduliwa kwa heshima ya mfanyabiashara Kassim Samji, aliyekumbukwa na wanawe. Waliotaka kumkumbuka baba yao waliwapa wapita njia saa ya kusoma. Ng'ambo ya ziwa, Mwanza, yako makaburi ya Igoma ya watu waliozama na meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Kila anayepita hapo anakumbuka kwamba chombo kilichojazwa kupita kiasi si chombo, ni mtego.

Na huko Japani, katika kijiji cha Aneyoshi, liko jiwe lililosimamishwa baada ya wimbi kubwa la bahari la mwaka 1933. Limeandikwa onyo kwamba watu wasijenge nyumba chini ya pale. Watoto waliuliza, wakaelezwa, wakatii. Mwaka 2011 wimbi lingine lilikuja na kuua maelfu katika pwani ile. Lilipanda kuelekea Aneyoshi likaishia chini ya jiwe. Nyumba za kijiji hazikuguswa.

Je, sisi tuna jiwe la namna hiyo Kano? Maji ya 2020 na 2024 yalifika wapi katika ukuta wa shule yenu? Wengi bado wanajua. Baada ya miaka 20 hawatajua, ukuta utapakwa rangi, na shamba la bonde litauzwa kwa kijana asiyejua kitu.

NENO GUMU

Tulipolizungumza jambo hili na kikundi kimoja, jaduong' mmoja alisimama akasema, "Kuweka alama mahali pa kifo ni kukiita tena. Mtu akishazikwa kwao, pale barabarani paachwe." Wengine waliitikia kwa kichwa. Kisha mama mmoja, aliyepoteza mjukuu penye kalvati, akajibu taratibu: "Jaduong', mimi ninapita pale kila siku ya soko. Alama iko moyoni mwangu hata bila msalaba. Ninachotaka ni ile kalvati izibuliwe." Hakuna aliyesema kitu kwa muda.

Tunaona wote wawili wana haki. Hatuwalazimishi wafiwa kuweka alama, wala hatuondoi ya mtu. Msiguse msalaba wa mtu, msipige picha, wala msiandike jina la marehemu kwenye ramani bila ruhusa ya jamaa zake. Andikeni tu mahali, mwaka, na sababu: maji, gari, au mashua. Lakini neno la yule mama lina uzito. Tunachanga pesa nyingi kwa kaburi lenye vigae, na heshima hiyo ni njema. Sehemu ndogo tu ya mchango huo ingenunua makoleo ya kuzibua kalvati iliyomuua. Marehemu hatakasirika.

KAZI YA KIKUNDI

Chagueni moja kati ya hizi, ile ambayo ramani yenu inaililia zaidi.

1. Kuzibua kalvati kabla ya mvua za Machi na tena kabla ya zile za Oktoba. Kwenye barabara kuu zungumzeni kwanza na KeNHA kupitia chifu, ili magari yaongozwe na mtu asigongwe akifanya kazi njema.

2. Kuweka alama ya maji. Ukutani mwa shule au kanisa, kwa ruhusa, pakeni mstari na mwaka: 2020, 2024. Kwenye njia ya kuvukia simikeni nguzo mbili, moja kila upande, zenye rangi nyekundu kuanzia urefu wa goti la mtoto. Maji yakigusa nyekundu, hakuna kuvuka.

3. Mnyororo wa simu. Tafuteni kikundi rafiki upande wa Muhoroni au Nandi. Wakiona mto umejaa, wapige. Ninyi mpige kengele ya kanisa, na mtu wa misikiti apewe habari pia.

4. Kuandika barua ya kuomba matuta ya barabarani au kibao cha onyo. Ambatanisheni nakala ya ramani. Msijijengee tuta wenyewe usiku. Tuta lisilo na alama huua mwenye boda boda.

5. Kulinda ukingo. Kanuni za nchi zinataka nafasi ya mita 6 hadi 30 kutoka kwenye mto iachwe bila kulimwa. Pandeni nyasi, mianzi na miti inayofaa, mkiacha mafunjo yasimame.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Ni mahali gani katika kijiji chetu ambapo kila mtu anajua pana hatari, lakini hakuna aliyeandika popote?

2. Mvua iliyonyesha mbali imewahi kutuletea maji tukiwa hatuna habari? Nani angeweza kutuonya?

3. Nyumba mpya zinajengwa wapi siku hizi? Je, waliouza mashamba hayo walimweleza mnunuzi habari za 2020?

4. Tukikodi gari la matanga, ni masharti gani tutampa mwenye gari, na nani atayasimamia?

5. Katika familia zetu, tungependa tukumbukwe kwa kitu gani ambacho mpita njia asiyetujua atakitumia?

Swali la tano lisijibiwe haraka. Mwende nalo nyumbani mkaongee na watoto. Kisha pangeni siku ya kazi, mwandike kwenye kitabu cha kikundi nani analeta koleo, nani analeta chakula, na nani atakaa na bendera nyekundu kando ya barabara. Mkimaliza, tuandikieni mlichofanya na mlichokutana nacho, ili vikundi vya mito mingine vijifunze kwenu.